Ukijua "usiende" umeshajua "mos shko": ukanushi wa Kialbania kwa mwenye Kiswahili

Kila kitabu cha kujifunzia Kialbania nilichokifungua hupunguza mwendo kikifika kwenye ukanushi. Mwandishi aliyekuwa akienda mbio anasimama, anachora kisanduku chenye mpaka mzito, na ndani yake anaonya: lugha hii ina maneno mawili ya kukanushia kitenzi, "nuk" na "mos", na moja haliwezi kukaa mahali pa mwenzake. Halafu inafuata orodha ya hali za kitenzi, hii inachukua "nuk", ile inachukua "mos", nawe unatakiwa uikariri.

Kwa waliokusudiwa, onyo hilo ni la haki. Vitabu vyangu vimeandikwa kwa Kijerumani, na Mjerumani husema "Ich gehe nicht" akimaanisha siendi, na "Geh nicht!" akimaanisha usiende, kwa neno lile lile moja. Hajawahi kuhitaji kutofautisha kukana jambo na kukataza jambo. Sisi tunaotumia Kiswahili kutwa nzima tunatofautisha bila kuwaza. Siendi, haendi, hawaendi: hapa tunakana. Usiende, asiende, wasiende: hapa tunakataza, au tunataka jambo lisiwe. Ha- upande mmoja, -si- upande wa pili. Kisanduku kile chenye mpaka mzito, kwa mtoto wa Tanga au Lamu, ni kitu alichokijua kabla hajaanza shule.

Hilo ndilo ninalotaka kulieleza kwa urefu, kwa sababu naona watu wetu wengi huku Ulaya wakijifunza lugha za jirani kwa kupitia Kijerumani au Kiingereza, kana kwamba Kiswahili hakina cha kuchangia. Kinacho. Katika ukanushi wa Kialbania kina mengi kuliko lugha zote ninazozijua. Ugumu pia upo, ila hauko pale vitabu vinapouweka.

Naishi Winterthur, Uswisi, na ninafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee. Wenzangu wengi ni Waalbania wa Kosovo. Watu wao walianza kuingia Uswisi kama vibarua wa msimu tangu miaka ya 1960, Kosovo ikiwa bado ndani ya Yugoslavia, na wengine wengi wakaja miaka ya 1990 pamoja na vita vya 1998 na 1999. Kijerumani chetu cha jikoni kinatosha kuombana kisu na kuulizana supu imeiva au la. Lakini mazungumzo yenyewe hasa, ya watoto, ya wagonjwa waliobaki nyumbani, ya harusi za mwezi wa saba, hayo yanakwenda kwa Kialbania, na mimi nilitaka niwe ndani yake.

Kabla sijaingia kwenye sentensi, neno moja juu ya kusoma. Alfabeti ya Kialbania iliafikiwa mwaka 1908 katika kongamano la Manastir, mji ambao leo unaitwa Bitola na uko Masedonia Kaskazini. Ina herufi 36. Nyingine ni zetu kabisa: "dh" husomwa kama kwenye dhahabu, "th" kama kwenye thelathini, "sh" kama kwenye shamba. "J" ni y yetu, "nj" ni ny, "xh" ni j ya jana, "ç" ni ch. "Ë" ni irabu hafifu ya katikati ya mdomo, na mwishoni mwa neno mara nyingi humezwa. Mjerumani huisumbukia ile "dh" wiki nzima. Sisi tunaipita tu.

Haya, tuanze na "nuk". Hili ni neno la kukana, linalokuja kabla ya kitenzi, na kitenzi chenyewe hakiguswi. "Punoj" ni nafanya kazi. "Nuk punoj" ni sifanyi kazi. "Punova" ni nilifanya kazi. "Nuk punova", sikufanya. "Kam punuar", nimefanya. "Nuk kam punuar", sijafanya. "Do të punoj", nitafanya. "Nuk do të punoj", sitafanya. Angalia upande wa Kiswahili kinavyovurugika: -na- inaondoka na mwisho wa kitenzi unageuka kuwa -i, -li- inakuwa -ku-, -me- inakuwa -ja-, na -ta- peke yake ndiyo inabaki palepale. Wageni wanaojifunza Kiswahili wanaijua kazi hiyo. Sisi tukienda Kialbania tunapunguziwa mzigo.

Na mgawanyo wa wakati uliopita tunakuta uleule. Kialbania kinatenganisha "nuk hëngra", sikula, na "nuk kam ngrënë", sijala. Ukitaka kuongeza bado, sema "ende" au "akoma": "Nuk kam ngrënë ende", bado sijala. Mwenye sikula na sijala kichwani mwake hahitaji kuelezwa ni lini atumie ipi, anafuata sikio lake na mara nyingi sana litamwongoza vizuri.

Ila kuna mahali Kialbania kinaona zaidi yetu. Kwa Kiswahili, ukisema "ninafanya kazi" na "huwa nafanya kazi" umetofautisha la sasa hivi na la desturi. Ukikanusha, mara nyingi yote mawili yanaangukia kwenye "sifanyi kazi". Kialbania hakikubali kupoteza tofauti hiyo. "Nuk punoj" ni sifanyi kazi kwa jumla, labda nimestaafu, labda naumwa. "Nuk po punoj" ni sifanyi kazi kwa wakati huu. Ile "po" ndogo ndiyo inayobeba usasa. Mvua isiponyesha hapo dirishani unasema "nuk po bie shi". Nashauri mtu aizoee mapema, kwa sababu Kiswahili hakitamkumbusha.

Jikoni kwetu "nuk" husikika kwa nadra kuliko nduguye mfupi, "s'". Maana ni moja, matumizi ni yaleyale ya kukana, ila "s'" ni la mdomoni zaidi na hushikamana na neno linalofuata kwa alama ya ritifaa: "s'kam", sina, "s'jam", mimi si, "s'dua", sitaki, "s'di", sijui. Mbele ya konsonanti nzito kama d au b sauti yake huwa z, kwa hiyo "s'di" utasikia kama zdi. Kubwa kuliko yote ni "s'ka". "Ka" ni ana, na pia ni kuna. Basi "s'ka ujë" ni hana maji au hakuna maji, mazungumzo yatakuonyesha ni lipi. Humo ndimo zimo "s'ka problem", hakuna shida, na "s'ka gjë", si neno. Na ipo "s'prish punë", haiharibu kazi, inayosemwa pale ambapo sisi tungesema haidhuru. Zote mbili ni kanushi, zote mbili hutolewa haraka, huku mtu ameshaendelea na shughuli yake.

Mtu akikuona umekunja uso atauliza "Ç'ke?", una nini? Nawe unajibu "s'kam gjë", sina kitu. Mwenye lugha ya hujambo na sijambo anaielewa heshima ya jibu hilo: unasema u mzima kwa kusema huna jambo.

Sasa kiwakilishi cha mtendwa. Wajerumani huona shida kukumbuka kwamba Kialbania kinapachika "mimi", "wewe", "yeye" za kutendwa kati ya "nuk" na kitenzi. "Nuk të njoh": sikujui. Ipasue: "nuk" ni si-, "të" ni -ku-, "njoh" ni -jui. Mpangilio ni uleule, kipande kwa kipande. "Nuk e njoh", simjui. "Nuk na njeh", hatujui sisi. Tena hapo Kialbania kinatusaidia, maana "hatujui" yetu inaweza kuwa sisi hatujui, au yeye hajui sisi ni nani. Kialbania kinazitenganisha: "nuk dimë" kwa ya kwanza, "nuk na njeh" kwa ya pili.

Hapo ndipo inapoingia "mos".

"Shko!" nenda. "Mos shko!" usiende. "Fol!" sema. "Mos fol!" usiseme. Kwenye kibao cha bustani utasoma "Mos shkel barin", usikanyage nyasi. Kando ya barabara "Mos hidhni mbeturina", msitupe takataka. Hiyo ni amri, na kila kitabu kinaanzia hapo. Lakini uzito wa "mos" uko mbele zaidi, kwenye ile hali ambayo Kialbania huijenga kwa "të" na Kiswahili huijenga kwa kugeuza mwisho wa kitenzi kuwa -e: niende, uende, aende. "Të shkoj" ni niende. "Të mos shkoj" ni nisiende. "Më mirë të mos shkosh", afadhali usiende. "Më tha të mos vija", aliniambia nisije. "E shkruaj që të mos e harroj", naandika ili nisisahau.

Tazama mahali "mos" linapokaa. "Nuk" hutangulia kila kitu: "nuk shkojnë". "Mos" hukaa nafasi ya pili, baada ya "të": "të mos shkojnë". Sasa tazama Kiswahili. Ha-wa-endi: kikanushi kimetangulia. Wa-si-ende: kikanushi kiko nafasi ya pili. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, moja ya Kibantu, nyingine tawi la pekee katika familia ya Kihindi-Kiulaya, zinakana kwa kuanza na kikanushi na zinakataza kwa kukichomeka katikati. Nilipoliona hilo nilifunga kitabu nikatembea kidogo. Sikuwa na mtu wa karibu wa kumwambia, ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Mgawanyo wenyewe ni wa kale sana huko Ulaya. Kigiriki cha zamani kilikuwa na "ou" ya kukana na "mē" ya kukataza, na Kigiriki cha leo kina "den" na "min". Lugha kubwa za Ulaya magharibi zilizonizunguka hapa zinatumia kikanushi kilekile pande zote mbili, na ndizo zilizoandika vitabu vyangu.

Sasa niseme Kiswahili kinapotupoteza, kwa sababu mtu akiondoka na kanuni kwamba -si- ni "mos" kila mahali, atakosea. -Si- yetu ina kazi nyingi kuliko "mos". Kwanza, tusiichanganye na si- ya nafsi ya kwanza: siendi ni kukana, ni "nuk". Hilo ni dogo. Kubwa ni vishazi vya urejeshi. Mtu asiyejua, mtoto asiyelala, wasiofanya kazi: sisi hapo tunatia -si-, lakini Kialbania kinatia "nuk". "Njeriu që nuk di", mtu asiyejua. Kisha -sipo-: usipokuja kwa kawaida ni "nëse nuk vjen", au kwa lugha ya mdomoni "po s'erdhe". Halafu -singe-: nisingeenda ni "nuk do të shkoja". Mahali pote patatu -si- yetu inakwenda kwa "nuk" au "s'".

Sentensi moja inatosha kuliweka sawa. Asiyefanya kazi, asile. Sisi tuna -si- mbili. Kialbania kinasema "Kush nuk punon, të mos hajë". Ya kwanza inaeleza hali ya mtu, ni "nuk"; ya pili inataka jambo lisiwe, ni "mos". Basi usikiangalie kiambishi, angalia kazi yake. Jaribio langu ni hili: naondoa ukanushi, natazama kitenzi kinabaki vipi. Asile ikiyakinishwa inakuwa ale, yenye -e mwishoni, basi ni "mos". Asiyefanya inakuwa anayefanya, haina -e ya kutaka, basi ni "nuk". Sijakuta bado sentensi ya kawaida ya jikoni iliyolishinda jaribio hilo.

Na sharti lenyewe lina mlango wa pili. Ukilijenga kwa "po të", linaingia kwenye ile hali ya "të" na "mos" inarudi: "po të mos vish", usipokuja. Nuk na mos zote zipo kwenye usipokuja, kutegemea umeianzaje sentensi. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kuzoea tu.

Turudi kwenye amri, kwa sababu kuna jambo la kusikia kwa sikio. Ukimwamrisha mtu kwa Kialbania, kile kiwakilishi kidogo mara nyingi huning'inia mkiani mwa kitenzi. "Merre!" kichukue. "Thuaje!" kiseme. "Ulu!" keti. Ukikataza, mkia unakatika na kurukia mbele, baada ya "mos": "Mos e merr!", "Mos e thuaj!", "Mos u ul!" Sisi nasi amri yetu haivumilii ukanushi. Nenda haiwi kanushi ikiwa nenda; inabidi ihame yote iwe usiende. Kichukue inakuwa usikichukue, kiambishi cha mwanzo kimehamia katikati. Lugha zote mbili zinavunja amri na kuijenga upya zikikataza, kila moja kwa namna yake.

Jikoni kuna mama mmoja ambaye wote tunamwita teta, jina la heshima wanalompa mama mdogo au shangazi, kama mimi nyumbani ambavyo nisingethubutu kumtaja mtu wa umri wake bila kutanguliza shangazi. Yeye hukataza kwa silabi moja. Trei ikitoka ovenini na mkono wa mtu ukaisogelea bila kitambaa, teta anasema "Mos!", basi. Hakuna kitenzi, na hakuna anayeuliza usifanye nini. Akishaona mkono umerudi anaendelea kwa sauti ya chini: "Mos u mërzit, moj çikë." Usihuzunike, binti. "Mos u mërzit" ndiyo sentensi ya "mos" ninayoisikia kuliko zote. Husemwa kwa aliyefiwa, kwa aliyepitwa na basi, kwa mtoto aliyemwaga maziwa, na kila mara uzito wake unapimwa na sauti. Ukimsimulia teta habari ya ajabu anashika kiuno na kusema "Mos, moj!", kama wacha wee yetu, angekuwa anaongea na mwanamume ingekuwa "Mos, more!"

Teta anatoka Kosovo, na Kialbania chake ni Kigheg, cha kaskazini ya mto Shkumbin. Kusini mwake kuna Kitosk, na lugha sanifu iliyopitishwa katika kongamano la tahajia la Tirana mwaka 1972 imejengwa zaidi juu ya Kitosk. Ndiyo maana kitabu kinasema hivi na jikoni panasemwa vile. Sitakuja kitabuni ni "nuk do të vij". Kwa teta ni "s'kam me ardh". Nisisahau kitabuni ni "të mos harroj". Kwa teta ni "mos me harru", kwa sababu Kigheg kina kitenzi-jina chenye "me" ambacho lugha sanifu imekiacha. Lakini "nuk", "s'" na "mos" ni walewale watatu pande zote za mto, na mgawanyo wa kazi haubadiliki. Mwanafunzi akiushika mgawanyo, lahaja hazitamtikisa.

"Mos" inaingia hata kwenye nomino. Kutoelewana ni "mosmarrëveshje": "marrëveshje" ni maelewano, ikatanguliwa na "mos". Kutoaminiana ni "mosbesim". Kiswahili kinatumia kuto- hapo, na haya ni maneno ya barua rasmi na ya habari za redioni kwa lugha zote mbili. Vilevile "për të mos harruar", kwa kutosahau. Pembeni yake lipo "pa", ambalo ni bila: "kafe pa sheqer", kahawa bila sukari, "iku pa folur", aliondoka bila kusema. "Pa" ikiwa na kitenzi huweza kubeba pia kabla ile yetu inayovuta -ja- ya ukanushi, kabla hajaja, kabla hatujala. Waalbania wana methali "Mos thuaj hop pa e kapërcyer gardhin", usiseme hopa kabla hujauruka ua. Sisi tunasema usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Ua na mto ni tofauti, lakini sarufi ni pacha: katazo kwanza, kisha kabla yenye kitu kisichotendeka bado.

Methali nyingine naipenda zaidi: "Ku ka zë, s'është pa gjë." Palipo na sauti, hapakosi kitu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Maneno ya hakuna mtu, hakuna kitu, kamwe, vitabu vinayapa sura nzima kwa sababu Kialbania kinataka kitenzi nacho kikanushwe. "Askush nuk erdhi", hakuna aliyekuja. "Nuk pashë asgjë", sikuona kitu. "Nuk vjen kurrë", haji kamwe. Siri iko kwenye "as", ambayo ni wala na pia ni hata. "As ha, as pi": hali wala hanywi. Ukiibandika kwenye neno jingine unapata hata yetu. "Një" ni moja. "Asnjë" ni hata mmoja. "Herë" ni mara. "Asnjëherë" ni hata mara moja. "Pak" ni kidogo. "Aspak" ni hata kidogo. Nuk jam aspak e lodhur, sijachoka hata kidogo. Hata mmoja yetu nayo hudai kitenzi kanushi, sikumwona hata mmoja, kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa kukanusha mara mbili. Kwa teta utasikia "kurrkush" badala ya "askush", na "kurrgjë", ambayo mdomoni huwa kama kurgjo, badala ya "asgjë". "S'ka kurgjo" ni hakuna kitu.

Neno "më" linahitaji jicho. Mbele ya kitenzi ni mimi wa kutendwa. Nyuma ya kitenzi kilichokanushwa ni tena. "Nuk më sheh më": hanioni tena. Ya kwanza ni -ni-, ya pili ni tena.

Imebaki "jo", ambayo ni hapana, na pia ni si ile inayokanusha neno badala ya kitenzi. "Jo sot, por nesër", si leo, bali kesho. "Jo unë", si mimi. Lakini yeye si mwalimu inahitaji kitenzi, "nuk është mësues", kwa hiyo si yetu inagawanyika. Pale ambapo Kialbania kitataka "është" au "jam", ni "nuk" au "s'". Pale ambapo neno limesimama lenyewe, ni "jo".

Mtego halisi wa "jo" uko kwenye majibu. Mtu akikuuliza "Hukuja jana?" na kweli hukuja, wengi wetu tunajibu "Ndiyo, sikuja", maana ndiyo inakubali kwamba alichosema ndicho. Kwa Kialbania swali ni "Nuk erdhe dje?" na jibu ni "Jo, s'erdha". "Jo" inafuata kitenzi chako, haifuati maneno ya mwulizaji. Ukijibu "Po" peke yake, ataelewa ulikuja. Na kama kweli ulikuja, sema "Si jo, erdha!", ilikuwaje nisije. Hili halijasisitizwa katika vitabu vyangu, kwa sababu Mjerumani halimsumbui. Kwetu linaweza kuleta mkanganyiko kwenye zamu ya kazi au kwa daktari, na ningeliweka ukurasa wa kwanza. Tena wazee wengi wa Albania hukataa kwa kutupa kichwa juu na kukubali kwa kukitikisa upande kwa upande, kinyume cha tulivyozoea, basi usitegemee kichwa, sikiliza neno.

Nimeiacha hadi sasa matumizi ya "mos" ambayo vitabu huyaweka mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, chini ya kichwa cha mambo ya pekee. Baada ya kuogopa, "mos" huja bila kukanusha chochote. "Kam frikë se mos bie shi", naogopa mvua isije ikanyesha. Mvua ndiyo inayoogopwa, kunyesha ndiko kunakotazamiwa, lakini kikanushi kipo, kwa sababu moyo unataka isinyeshe. Kutoka hapo "mos" imeingia kwenye maswali ya kubahatisha kwa upole: "Mos je e sëmurë?", isije ikawa unaumwa? "Mos ke pak kripë?", huna chumvi kidogo? Na kwenye dua: "Mos e dhëntë Zoti!", Mungu asijaalie.

Kitabu changu kinaeleza kwa aya nzima kwa nini "Kam frikë se nuk vjen" na "Kam frikë se mos vjen" zinapingana kabisa, kikiwa na michoro ya mishale. Ya kwanza ni naogopa hatakuja. Ya pili ni naogopa asije akaja. Niliisoma aya ile kwa heshima yote, kisha nikafungua ukurasa uliofuata.